Mwajiri Amepotea, P9 Huna, na Juni Inaisha: Jaza Ritani Yako Hivi



Leo si somo la kupiga picha za bidhaa wala la kujibu wateja wa "bei ya mwisho ni ngapi". Leo ni ushuru. Najua wengi mkiona jina KRA mnapita haraka, lakini ngojeni kidogo. Somo hili mimi nililipia kwa oda ya shilingi 86,000.

Linamhusu muuzaji ambaye mwaka uliopita alikuwa na kazi ya mshahara, hata kama ni ya miezi miwili, halafu akaacha au akaachishwa na sasa anauza mtandaoni. Pia linamhusu yule aliyeajiriwa mchana na anauza jioni. Juni inafika, ritani inataka habari za mwajiri, na wewe P9 huna, PIN ya kampuni huijui, na simu ya ofisi haishikwi. Unafanya nini?

YALIYONIPATA

Mwaka wa 2023 niliajiriwa na kampuni moja hapa Nairobi, Januari hadi Mei. Kampuni ikaanza kuyumba, na mwanzo wa Juni tukaambiwa tusirudi. Wakati huo nilikuwa nauza mikoba na mabegi ya shule kwa WhatsApp na Facebook kama kitu cha pembeni tu. Mzigo natoa Eastleigh, wateja wako kwenye status. Kazi ilipoisha, ile ya pembeni ikawa ndiyo kazi.

Juni 2024, siku tatu kabla ya tarehe 30, nikaingia saiba. Kijana akaniuliza, "Auntie, uko na P9?" Sina, kampuni ilifungwa. "PIN ya kampuni je?" Siijui. Akasema, "Basi tufanye nil, dakika mbili umemaliza." Nikamlipa, nikachukua karatasi yangu, nikaenda nyumbani nimefurahi kabisa.

Mwaka uliofuata shule moja ikataka mabegi, oda ya 86,000. Kwangu hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote. Mhasibu wao akaniambia nilete cheti cha TCC, kile cha KRA kinachoonyesha umenyooka kwa mambo ya ushuru. Nikaomba kwenye iTax, ombi likakwama. Nikaenda ofisini. Afisa akaangalia skrini yake, akaniangalia mimi, akasema, "Madam, hapa unasema 2023 hukupata hata shilingi. Lakini kuna mwajiri ametangaza kwamba alikulipa Januari hadi Aprili na akakukata PAYE. Sasa kati yenu nani anasema ukweli?"

Sikuwa na jibu. Kurekebisha kulichukua muda, na shule haikuweza kunisubiri. Walinunua kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho ningependa ukishike hata kama utasahau mengine yote: WEWE KUKOSA HABARI ZA MWAJIRI HAIMAANISHI KRA HAINA HABARI ZENU WAWILI. Kila mwezi mwajiri anatakiwa kutuma PAYE kabla au ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na anapotuma huorodhesha wafanyakazi wake kwa PIN zao. Ukiacha nafasi ya mwajiri tupu, wewe ndiye unaonekana unaficha.

KUMBE NILIKUWA NATUPA PESA YANGU

Wengi tunaogopa kuandika mshahara wa zamani kwa sababu tunafikiri tutaongezewa ushuru. Hebu tupige hesabu. Nitaweka nambari rahisi, na nitaacha kando nafuu ndogondogo kama ya bima.

Tuseme kila mwezi pesa yangu inayotozwa ushuru, baada ya kutoa makato yanayoruhusiwa kama NSSF, ilikuwa 40,000.

- 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 = 2,400
- 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 = 2,083
- 7,667 zilizobaki kwa asilimia 30 = 2,300
- Jumla 6,783. Toa nafuu ya kibinafsi ya 2,400. PAYE ya mwezi = 4,383.

Kwa miezi mitano nilikatwa karibu 21,916. Hizo ni pesa zangu, zilitoka kwa jasho langu kabla mshahara haujafika benki.

Sasa ritani ni ya mwaka mzima. Mshahara 200,000 (40,000 mara tano). Faida ya mikoba, baada ya kutoa bei ya mzigo, usafiri, bando na vifungashio, tuseme 150,000. Jumla 350,000.

- 288,000 za kwanza kwa asilimia 10 = 28,800
- 62,000 zilizobaki kwa asilimia 25 = 15,500
- Jumla 44,300. Toa nafuu ya mwaka, 28,800. Ushuru wa mwaka = 15,500.

Umeona? Ushuru wa mwaka ni 15,500, na mimi nilishakatwa 21,916 mshaharani. Sidaiwi kitu. Mimi ndiye ninayedai, kama 6,416. Mtu aliyeajiriwa sehemu ya mwaka mara nyingi hujikuta hapa, kwa sababu alikatwa kila mwezi kama mtu atakayelipwa mwaka mzima.

Lakini ili hiyo 21,916 ihesabiwe, lazima ritani iwe na PIN ya mwajiri na kiasi alichokata. Ukiandika mshahara ukakosa kuandika PAYE, unatolewa 15,500 mara ya pili. Ukificha vyote kwa nil, unapoteza ulichozidisha na bado umetoa maelezo ya uongo kwa serikali. Kwa hivyo kutafuta habari za mwajiri si kazi ya kufurahisha KRA. Unatafuta risiti ya pesa yako mwenyewe.

VITU VITATU UNAVYOTAFUTA

Usichanganyikiwe na fomu nzima. Kuhusu mwajiri unahitaji vitu vitatu tu:

1. PIN yake ya KRA.
2. Mshahara wako wa mwaka KABLA ya makato, pamoja na marupurupu.
3. PAYE aliyokata mwaka huo.

P9 ndiyo karatasi yenye vyote vitatu, mwezi kwa mwezi, Januari hadi Desemba. Ukiwa nayo, unanakili tu. Huna? Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

HATUA YA 1: OMBA KWA MAANDISHI

Hata kama mliachana vibaya. Usipige simu peke yake, andika, ili ubaki na ushahidi kwamba uliomba. Mimi niliandika hivi, unaweza kunakili:

"Habari. Nilikuwa mfanyakazi wenu kuanzia Januari hadi Mei 2023. Naomba P9 yangu ya mwaka huo ili niwasilishe ritani yangu ya ushuru. Kama P9 haijatayarishwa, naomba PIN ya KRA ya kampuni, jumla ya mshahara wangu kabla ya makato, na jumla ya PAYE iliyokatwa na kuwasilishwa. Jina langu kamili, nambari ya kitambulisho na PIN yangu ni hizi hapa. Asante."

Tuma kwa barua pepe ya ofisi, kwa bosi, na kwa mhasibu kama unamjua. Kampuni ikifungwa, mhasibu wake hajafa. Mara nyingi yeye ndiye mwenye faili zote kwenye laptopu yake. Mwandikie kwa heshima, hana deni lako.

HATUA YA 2: TAFUTA PIN MWENYEWE

Wakikaa kimya, PIN ya kampuni si siri. Angalia hapa:

- Slipu zako za zamani za mshahara, au P9 ya mwaka wa nyuma.
- P9 ya mwenzako mliyefanya naye kazi. Muombe PIN ya kampuni tu, mshahara wake haukuhusu.
- Risiti au ankara yoyote ambayo kampuni iliwahi kumpa mteja. Risiti ya mashine ya ushuru huwa na PIN ya muuzaji.

PIN ina herufi 11: inaanza na herufi moja, tarakimu tisa, inaisha na herufi. Ya kampuni huanza na P, ya mtu binafsi huanza na A.

Ukishaipata, usiiamini bure. Kwenye ukurasa wa kwanza wa iTax kuna mahali pa kukagua PIN. Iweke, itakuonyesha jina la mwenyewe. Na hapa wengi huteleza: jina la kwenye bango la duka si lazima liwe jina la kampuni. Unaweza kuwa ulifanya kazi kwenye duka la jina tamu, kumbe aliyekuajiri ni kampuni yenye jina tofauti kabisa, au ni bosi mwenyewe kwa PIN yake inayoanza na A. Na kama uliletwa na wakala wa kuajiri, mwajiri wako kwa KRA anaweza kuwa wakala, si pale ulipokuwa unasimama kutwa. Angalia jina la aliyekutumia pesa kwenye taarifa ya benki au ya M-Pesa, na jina lililo kwenye mkataba wako.

Tafadhali usiweke PIN ya kampuni nyingine ili fomu ikubali tu. Hilo ni kosa jipya juu ya tatizo la zamani.

HATUA YA 3: JENGA UPYA HESABU YA MSHAHARA

Chukua daftari lile lile unaloandikia mauzo. Chora mistari ya miezi. Kwa kila mwezi jaza: mshahara kabla ya makato, NSSF, bima ya afya, PAYE, na ulichopokea mkononi.

Slipu za mshahara ndizo za kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi ya mshahara na makato, kwa hivyo kama hukuwahi kupewa slipu, si wewe uliyekosea. Za pili ni mkataba na barua ya kazi, zinaonyesha mshahara mliokubaliana. Za tatu ni taarifa za benki au M-Pesa. Rekodi zako za NSSF pia husaidia kuonyesha ni miezi gani ulikuwa unachangiwa.

Onyo: pesa iliyoingia benki SI mshahara kabla ya makato. Hiyo ni ile iliyobaki baada ya kila mtu kukata chake. Ukiiandika kama mshahara wote, nambari zako hazitafanana na za mwajiri, na utarudi pale pale kwa afisa akikuuliza nani anasema ukweli.

HATUA YA 4: ULIZA KRA WANAONA NINI

Hii ndiyo hatua niliyoiogopa, na ndiyo ilinisaidia zaidi. Nenda ofisi ya KRA au dawati lao Huduma Centre na kitambulisho chako na lile daftari. Waambie wazi: "Mwajiri wangu wa mwaka fulani amefungwa, sina P9, naomba kujua alitangaza nini kwa PIN yangu." Ni habari zako, huendi kuomba msaada wa bure.

Nenda Mei, au mapema zaidi. Wiki ya mwisho ya Juni foleni inafika barabarani.

HATUA YA 5: JAZA, KILA KITU MAHALI PAKE

Mwenye mshahara peke yake ana ritani fupi ya mtandaoni ambayo huja imejazwa yale mwajiri alitangaza. Lakini sisi wauzaji tuna biashara pia, kwa hivyo tunatumia fomu ndefu. Kwenye fomu hiyo:

- Sehemu F ni ya mshahara. Weka PIN ya mwajiri na mshahara. Kama mwaka huo uliajiriwa mahali pawili, weka mistari miwili.
- Sehemu M ni ya PAYE uliyokatwa. Rudia PIN ya mwajiri na uweke kiasi. Hii ndiyo watu husahau, halafu wanapiga kelele kwamba iTax inawadai.
- Mauzo na gharama za biashara yako zina kurasa zake.
- Sehemu T ndiyo hesabu ya mwisho. Ukiona deni kubwa usilotarajia, kabla ya kulia rudi Sehemu M uone kama PAYE imeingia.

Kwa wale ambao mauzo ya mwaka yanapita milioni moja hadi milioni 25, biashara yako huenda iko kwa ushuru wa mauzo, asilimia 3, unaolipwa kila mwezi. Huo ni upande wake. Mshahara wako bado unaingia kwenye ritani ya mwaka.

NA KAMA MWAJIRI ALIKATA AKAKAA NA PESA?

Mimi lilinipata. Afisa aliona Januari hadi Aprili tu. Mei haikuwepo, na slipu yangu ya Mei inaonyesha wazi nilikatwa 4,383.

Kwanza, mshahara wa Mei niliuandika wote. Niliupokea, ni mapato yangu. Kuuacha kwa sababu mwajiri hakuutangaza ni kuiga kosa lake.

Pili, kwenye PAYE niliweka ile ya miezi minne iliyoonekana, 17,533. Ushuru wangu wa mwaka ulikuwa 15,500, kwa hivyo hata bila Mei sikudaiwa. Ilibaki ziada ya 2,033.

Tatu, niliandika barua kwa KRA kueleza Mei, nikaambatisha nakala ya slipu, taarifa ya benki, na ile barua niliyomwandikia mwajiri bila kujibiwa. Kukata na kuwasilisha PAYE ni jukumu la mwajiri kisheria, na slipu ndiyo ushahidi wangu kwamba upande wangu nilitoa. Hiyo 4,383 bado naifuatilia, sitawadanganya kwamba imerudi. Lakini rekodi yangu imenyooka, na cheti cha TCC nikapewa.

Kama wewe bila huo mwezi unabaki na deni, usinyamaze wala usikisie. Peleka slipu KRA kabla ya tarehe 30, uulize ushahidi wako unapokelewa vipi.

TAREHE 30 IKIFIKA NA BADO HUJAPATA KILA KITU

Wasilisha kwa nambari za kweli ulizo nazo, zenye karatasi nyuma yake. Usisubiri P9 hadi Julai. Mtu binafsi akichelewa kuwasilisha ritani anatozwa faini ya 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Iwapo P9 itakuja Agosti na ionyeshe tofauti, iTax ina nafasi ya kurekebisha ritani. Ndiyo niliyotumia kuondoa ile nil yangu. Kurekebisha ukiwa na karatasi mkononi si aibu.

Na kama wewe ni mmoja wa waliofanyiwa nil huku wakijua walilipwa mshahara, rekebisha wewe kwanza, kabla hujaombwa cheti na mteja aliye na haraka.

MAMBO YA KUFANYA LEO, SI JUNI

1. Kama bado umeajiriwa, piga picha slipu ya kila mwezi ujitumie kwa barua pepe. Simu hupotea.
2. Andika PIN ya mwajiri wako nyuma ya daftari la mauzo.
3. Ukiacha kazi, siku ya kurudisha funguo na kitambulisho cha kazi ndiyo siku ya kuomba P9. Mkiwa bado mnasalimiana.
4. Nambari yako ya siri ya iTax iwe kwako, si kwa kijana wa saiba. Yeye anajaza, lakini jina lililo kwenye ritani ni lako.

Yule kijana sina kinyongo naye. Alinisaidia kumaliza haraka, na haraka ndiyo niliyoitaka siku hiyo. Hakuniuliza kama nilikatwa PAYE, na mimi sikujua kwamba ni swali la kuuliza. Sasa najua, na wewe pia umejua.

Kuna mwenzako anauza viatu, keki au nguo za watoto na mwaka jana aliachishwa kazi. Mtumie somo hili kabla Juni haijafika.